Mishale Chini ya Mti wa Yaeda

Anayeteremka kutoka nyanda za baridi za Mbulu, kaskazini mwa Tanzania, akayapa kisogo mashamba ya vitunguu saumu ya Wairaqw, hufika hatimaye katika bonde la Yaeda, penye joto na mibuyu, makao ya Wahadzabe ambao vitabu vya kale viliwaita Watindiga. Na akiwasadifu wakati wa kiangazi, kambi zikiwa kubwa, aghalabu atawakuta wanaume wamechutama chini ya mti wakicheza lukuchuko.

Zana ya kamari hii ni duni kuliko karata: vipande vya ganda la mti, kila kimoja upande mmoja laini na wa pili wenye kuparuza. Kila mchezaji ana chake, na zaidi ya hivyo kipo kimoja kikubwa kisicho cha mtu. Vyote hushikwa pamoja, hurushwa vikagonga shina, vikatawanyika mavumbini, na yule ambaye kipande chake peke yake kimelala kama kilivyolala kile kikubwa ndiye mshindi. Dau huwa mishale ya chuma yenye sumu, visu, shoka, shanga, viko vya mawe. Lakini upinde, mishale isiyo na sumu na mkoba wa ngozi haviwekwi dau hata mtu awe amefilisika vipi, maana hivyo ndivyo atakavyotafutia riziki kesho yake.

James Woodburn, mwanachuoni Mwingereza aliyeanza kuishi nao mwishoni mwa miaka ya 1950, alieleza katika makala ya mwaka 1982 jambo ninaloliona kuwa kiini cha habari hii: mshindi haachwi kwa urahisi aondoke na alichokipata, hushurutishwa na wenziwe aendelee mpaka mali itawanyike tena, hata mchezo uliozaliwa na tamaa ya kujilimbikizia ukawa ndio unaomzuia mtu asijilimbikizie. Jiwe la kiko lipatikanalo upande mmoja wa nchi yao hufika upande wa pili kwa njia hiyo, pasi na duka wala dalali. (Waarabu wa Jahiliya nao walikuwa na maisiri, ya kugawana nyama ya ngamia kwa kura ya mishale, na Kurani ikakiri kuwa yana manufaa kwa watu, ingawa dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa yake.)

Sisi wengine hatukurithi kamari ya namna hiyo. Minadani tuliijua pata potea: karata tatu juu ya boksi lililopinduliwa, mchezeshaji mwenye vidole vyepesi, na wenzake wawili watatu waliojichanganya na watu wakijifanya wanashinda, mpaka mfugaji aliyeshuka kutoka Hanang na fedha ya ndama kiunoni ashawishike. Hapo liliingia jambo ambalo Yaeda halimo, nalo ni mwenye meza. Zikafuata mashine za sarafu, ambazo vijana huziita dubwi, mwenye meza akiwa sasa ndani ya chuma. Na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ikaweka Bodi ya kutoa leseni, na walio chini ya miaka 18 wakapigwa marufuku.

Kasha la bahati lililomo katika gemu za simu ni mjukuu wa meza ile. Mtoto hulipa, kasha hutikisika, mwanga humetameta, na kama gemu ni ya kandanda, mshambuliaji anayemtamani hupita jirani kabisa, kisha hutoka beki asiyemhitaji. Naye hulipa tena, kwa simu ya baba. Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kuwa makasha ya kulipia katika baadhi ya gemu ni kamari. Uholanzi iliitoza kampuni ya gemu ya Electronic Arts faini ya euro milioni 10, ikatenguliwa na mahakama mwaka 2022. China tangu 2017 huwalazimisha wenye gemu kutangaza uwezekano wa kila tunu. Wauzaji hujitetea kwamba hakuna kasha tupu. Naiona hoja hiyo ni hadaa, kwani anachokilipia mtoto ni ule mrusho, na kila mrusho una mwenye mti achukuaye fungu lake, wala hakuna upinde uliotengwa usiguswe. Naiomba Bodi ilitazame kasha hili kwa jicho lile lile inalolitazamia dubwi.