Kujaribu Bila Kufuta

Tarehe 25 Agosti 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anatengeneza mfumo endeshi, kwa kujifurahisha tu. Haikupita hata miezi saba. Februari 1992 kituo cha kompyuta cha Manchester kikawa kimeifungasha kazi hiyo kwenye diski laini, ili hata asiyekuwa fundi aweze kuisakinisha. Linux, basi, ililelewa vyuoni, mahali penye kompyuta zaidi ya moja, umeme wa uhakika na jirani wa kumuuliza mambo yakiharibika.

Malezi hayo yameacha alama. Debian, mmoja wa mifumo mikongwe ya ukoo huo, bado hugawa programu zake kwa ngazi: imara, zinazopimwa, zisizo imara, halafu ngazi ambayo jina lake lenyewe ni la majaribio. Anayetaka kuonja vitu vipya kabla ya wengine huteremka ngazi hizo kwa hiari yake. Ila awe na kompyuta ambayo ikifa leo, kesho hakuna atakayemwita ofisini.

Sasa ipeleke kompyuta hiyo Ngara au Biharamulo miaka ya mwanzo ya 2000. Ngara iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Dunia iliijua kwa jambo moja: mwishoni mwa Aprili 1994, takriban watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kwa muda wa kama siku moja, na Benaco ikageuka jiji la mahema. Umeme wa gridi ya taifa ulikuwa bado mbali. Mji wa Ngara na wa Biharamulo iliwashwa na majenereta ya dizeli. Vijijini hata hayo hayakuwapo. Kompyuta ya shule, ilipokuwapo, ilikuwa mali ya kufunikwa kitambaa. Ndani yake mna barua za mkuu wa shule na alama za mitihani. Nani atathubutu kuifutia Windows ili aone kama Linux inapendeza?

Ndiyo maana naona kwamba kwa maeneo kama haya, uvumbuzi mkubwa katika historia ya Linux ni ile CD inayowaka yenyewe, kuliko kiini chenyewe cha Torvalds. Nitaiita diski hai. Wazo lilikuwapo tangu 1992, lakini aliyelitawanya duniani ni Mjerumani Klaus Knopper, aliyetoa Knoppix mwaka 2000. Alibana karibu GB 2 za programu zikaenea kwenye CD moja ya MB 700. Unaingiza diski, unaiambia kompyuta ianzie hapo, na mfumo unafunguka kutoka kwenye CD, ukifanyia kazi zake ndani ya RAM. Diski kuu haiguswi. Unaandika, unacheza, unaharibu mipangilio upendavyo. Ukizima na kutoa CD, Windows ya mkuu wa shule inaamka kama vile hakuna mgeni aliyelala humo.

Mwaka 2004 Ubuntu ikaanza kutoka, ikiwa na CD mbili, moja ya kujaribia na nyingine ya kusakinishia. Toleo la Juni 2006 liliziunganisha: ulijaribu kwanza, ukiridhika unabofya alama iliyo hapo hapo kwenye skrini na kusakinisha. Kampuni ya Canonical ilikuwa ikizituma CD hizo bure kwa posta, popote duniani, hadi 2011. Kwa mtu mwenye sanduku la posta na asiye na intaneti ya kupakua MB 700, bahasha ile ilikuwa na maana kuliko tovuti yoyote.

Lakini diski hai ina tabia moja ambayo watengenezaji wake wa Ulaya waliiona kuwa sifa: haikumbuki kitu. Kila ulichoandika kimo RAM, na RAM huishi kwa umeme. Helsinki unaamua mwenyewe lini uzime. Kwenye mji wa jenereta, anayeamua ni dizeli. Taa zikifumba jicho, insha yako imekwenda, na kompyuta ikiwaka tena inakusalimu kama mgeni. CD iliyochomwa haiandikiki, na flashi ya kuhifadhia kazi, wakati ule, ilikuwa kitu cha fedha.

Wakati huo huo Dar es Salaam palikuwa na jaribio la aina nyingine. Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na kampuni ndogo ya Uswidi, IT+46, waliendesha mradi wa Kilinux. Jina linatamkika kama jina la lugha. Desemba 2004 walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft nayo ilikuwa imetangaza mpango wake wa Kiswahili. Tulikuwa bado tunabishana kama chombo chenyewe kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi (hili la mwisho, kwa sikio langu, liko karibu mno na kuangamiza).

Miezi kumi baadaye, Oktoba 2005, OpenOffice 2.0 ikatoka na maneno mapya kibao ya kutafsiri. Jaribio la lugha nalo linataka umeme wake: fedha na watu wa kulirudia kila toleo. Na lilikuwa na kikwazo cha nyumbani. Mtoto wa Ngara anazungumza Kihangaza au Kishubi nyumbani, anasoma msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari, hapo ambapo huenda akaigusa kompyuta mara ya kwanza, somo linafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Menyu ya Kiswahili ilimfaa karani kuliko mwanafunzi. Sidhani kosa hilo lilikuwa la watafsiri.

Leo maporomoko ya Rusumo, pale pale walipovuka wakimbizi, yana mtambo wa MW 80 unaogawiwa na Tanzania, Rwanda na Burundi, na nyaya zake zinapita hadi Nyakanazi, Biharamulo. Flashi imeshuka bei, na Linux inayoanzia humo inaweza kutengewa sehemu ya kukumbuka ulichoandika jana.