Vuga, Mazinde, Magila: Nathari Iliyotoka Milimani

Wahakiki wetu wana mazoea ya kuanza historia ya nathari ya Kiswahili na James Mbotela, ambaye Uhuru wa Watumwa yake ilitoka mwaka 1934, kisha wanaruka moja kwa moja hadi kwa Shaaban Robert. Wanaojitahidi kidogo humtaja Tippu Tip na maisha yake. Kabla ya hapo ni tenzi tu, na tenzi ni pwani: Pate, Lamu, Mombasa, Unguja. Milima haimo. Makala haya yanabishana na mazoea hayo, na ushahidi wangu nautoa Usambara.

Lushoto yenyewe nitaipita haraka. Wajerumani waliiita Wilhelmstal, kwa jina la Kaisari wao, wakaifanya mji wa mapumziko: mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali pa kukimbilia joto la pwani. Mwanafasihi akitafuta kitu katika mji huo wa mabwana atarudi mikono mitupu. Kazi ya kalamu ilifanyika kandokando yake: Vuga, Mlalo, Mazinde kule chini tambarare, na Magila upande wa Bonde.

Vuga ndiko walikokaa watawala wa Kikilindi. Mmisionari Krapf alifika huko kwa Kimweri ya Nyumbai mwaka 1848, akarudi tena 1852, wakati ambapo alikuwa akikusanya maneno ya Kiswahili. Kimweri alipofariki katika miaka ya 1860, ndugu walipigana. Mwanawe Semboja, aliyekaa Mazinde kwenye njia ya misafara, alikuwa na bunduki na marafiki wa pwani, na hilo likatosha kuivuruga milima yote.

Ni katika mazingira hayo alipotokea mtu wetu, Abdallah bin Hemedi bin Ali Liajjemy. Alikuwa mtu wa pwani aliyeingia katika baraza la Semboja, akaishi na Wakilindi, akawasikia wazee, kisha akaandika. Kitabu chake, Habari za Wakilindi, kilichapwa kwa vipande na wamisionari wa UMCA kule Magila kati ya 1895 na 1907. Hebu tuitazame miaka hiyo. Shaaban Robert hajazaliwa bado, alizaliwa 1909! Na hapa pana nathari ndefu ya Kiswahili, yenye wahusika, migogoro, majibizano na safari, imekwisha kuchapwa.

Kwa nini basi haimo katika orodha zetu? Jibu ninalolipata mara kwa mara ni kwamba hiyo ni historia, si fasihi. Wanahistoria kweli wameichangamkia. Steven Feierman, katika kitabu chake cha 1974 juu ya dola ya Washambaa, anakitumia na kukipima sana. Lakini jamani, soma sehemu ya Mbegha. Mtoto anaota meno ya juu kwanza, yaani kigego, mtu wa kuogopwa na ndugu zake. Anafukuzwa Ungulu, anaishi porini kwa kuwinda nguruwe, anagawa nyama, watu wanampenda. Anapanda milimani, anaua simba, na Washambaa wanamfanya mtawala wao. Toka hapo watawala wakaitwa Simba Mwene. Aliyelaaniwa na ukoo anakuwa baba wa nchi: kama huo si msuko wa riwaya, basi sijui tunafundishwa nini darasani.

Tena mwandishi ana upande wake. Alikuwa mtu wa Semboja, na msimamo huo unaonekana katika namna anavyoeleza vita vya kugombea Vuga. Mwanahistoria analiona hilo kama kasoro ya kusahihishwa. Kwangu mimi ndipo uhakiki unapoanza: msimulizi ni nani, amekula kwa nani, anamwandikia nani? Mswahili Mwislamu anasimulia ufalme wa Washambaa, na kitabu kinachapwa na Wakristo. Mikono mitatu kwenye andiko moja.

Usambara hiyohiyo ilitoa pia Kiswahili cha aina nyingine kabisa. Wamisionari wa Bethel walifika Mlalo mwaka 1891, na baadaye misheni ikawa na mtambo wa kuchapia Vuga. Kati yao alikuwepo Karl Roehl, aliyeandika sarufi ya Kishambaa mwaka 1911, kisha akatafsiri Agano Jipya la Kiswahili lililotoka 1930 na Biblia nzima 1937. Roehl alitaka kuyapunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu. Liajjemy hakuwa na wasiwasi huo. Kiarabu kwake kilikuwa sehemu ya kinywa. Mimi namuunga mkono Liajjemy. Lugha haifuliwi kama shuka. Hata hivyo mjadala wetu wa istilahi haujatoka mbali sana na hapo.

Sasa, mtu wa Keza, Ngara, anatafuta nini Usambara? Ni kwamba mtambo wa kuchapa ndio unaotutofautisha. Johanssen, mmoja wa wale wa Mlalo, aliondoka 1907 kwenda Rwanda, na mwaka 1910 Bethel walifika Bukoba. Kiziba ilipata mwandishi wake, Francis Lwamgira, na historia yake ya wafalme kwa Luhaya ikatoka 1949. Hadithi za watawala wa Bushubi na Bugufi mimi nilizipata kwa kusikia, jioni, kwa bibi aliyekuwa akikatiza kila mara kukoroga sufuria. Wawindaji na wageni wanaogeuka wafalme wamo pia. Simulizi hizo si duni kuliko ya Mbegha. Zilikosa Magila.

Habari za Wakilindi ilitolewa tena kwa Kiswahili mwaka 1962, chini ya uhariri wa J.W.T. Allen, na tafsiri yake ya Kiingereza ikafuata 1963. Hivyo kisingizio cha kwamba haisomeki hakipo. Ombi langu kwa walimu wa kozi ya nathari ni dogo: wiki mbili, kabla ya Mbotela. Sura ya simba nipo tayari kuisoma kwa sauti.