Shokapu na Safari Rali: Historia ya Kitu Kisichoonekana

Wengi wetu tukisikia neno historia, mawazo hukimbilia kwa wafalme, vita na mikataba ya wakoloni. Hatufikirii kwamba hata chuma kidogo kilichofungwa nyuma ya tairi kinaweza kuwa na historia yake. Lakini wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Leo, ndugu msomaji, naomba tuiname pamoja, tuchungulie chini ya gari. Tuitazame shokapu, na hasa shokapu ya gari la spoti lililozeeka. Swali langu ni moja tu: inafaa kubadilishwa lini? Nitaonyesha kwamba jibu lake lilipatikana kwa jasho, na kwamba sehemu ya jasho hilo lilimwagika huku huku kwetu Afrika Mashariki.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Watu husema shokapu ndiyo inayobeba gari. Si kweli. Anayebeba ni springi. Lakini springi ina tabia ya mtoto aliyepewa mpira: ukiigonga mara moja inataka kucheza mchana kutwa. Shokapu ndiyo mzazi anayesema, "Basi, inatosha." Ndani yake mna oili na pistoni yenye vitundu vidogo. Gari likiruka, pistoni inailazimisha oili ipite kwenye vitundu vile kwa taabu, na ule mruko unageuka kuwa joto. Ndiyo kusema shokapu inakula mtikisiko na kutoa joto. Oili ikivuja, au vali zikilegea, mtikisiko unakosa wa kuula. Hapo tairi linaanza kurukaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala halisikii usukani. Kumbe jambo lenyewe si starehe ya makalio, ni uhai.

Sasa twende mwaka 1953. Mwaka ule Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa huko London. Walowezi wa Kenya, nchi ikiwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, waliamua kusherehekea kwa mashindano ya magari kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika. Waliyaita Coronation Safari. Magari yalikuwa ya kawaida, ya dukani, na yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake. Mwaka 1954 ushindi ulikwenda kwa Vic Preston na D. P. Marwaha wakiwa na Volkswagen, yule kobe tunayemfahamu sote. Baadaye mashindano yakahamishiwa wakati wa Pasaka. Mtu wa huku haambiwi Pasaka maana yake nini: ni masika. Vumbi la Machi linageuka tope la Aprili, na udongo mweusi wa tambarare unakuwa kama ugali uliokosa unga.

Matokeo yake yameandikwa. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba. Mwaka 1968 yalianza zaidi ya tisini, yakamaliza saba tena! Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki na Peugeot 404. Katikati hapo, mwaka 1965, Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda kwa Volvo PV544, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland, dereva wa Tanzania, alishinda mfululizo kwa Peugeot 404. Tazama magari yenyewe. Volkswagen, Volvo, Peugeot. Ni magari ya mwalimu mkuu na daktari wa wilaya, yaliyo juu juu, yenye springi laini zinazosafiri sana. Nani angethubutu kuleta gari la spoti, lililo chini, lenye boneti ndefu, katika njia kama ile?

Wajapani walithubutu. Nissan walikuwa wakija Safari tangu 1963, na wengi waliwacheka. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600 SSS, kicheko kikakatika. Mwaka uliofuata, 1971, wakaja na Datsun 240Z, gari la spoti la milango miwili, injini ya silinda sita ya lita 2.4, uzito wake kidogo tu zaidi ya tani moja. Herrmann na Schüller wakashinda tena. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta, kijana wa Uganda, naye pia kwa 240Z. Mwaka 1973 Mehta mwenyewe akatwaa ushindi kwa 240Z akiwa na Lofty Drews. Walilingana pointi na Harry Källström wa Datsun 1800 SSS, ikabidi kanuni zitumike kuwatenganisha. Ile 240Z ya 1971 mpaka leo imetunzwa Japani, katika ghala la magari ya kale la Nissan huko Zama.

Hapa ndipo shokapu inapoingia kwenye historia. Gari la juu lenye springi laini lina nafasi ya kukosea. Gari la spoti halina nafasi hiyo. Springi zake ni ngumu, mwendo wa gurudumu kupanda na kushuka ni mfupi, na kasi yake ni kubwa. Likipita kwenye yale mawimbi ya changarawe ambayo madereva wetu huyaita rasta, shokapu inapanda na kushuka mara nyingi kila sekunde, kilomita baada ya kilomita. Oili inapata moto. Ikizidi moto inakuwa nyepesi, inachanganyika na hewa, inafanya povu. Na povu, ndugu yangu, halizuii kitu. Dereva anajikuta anaendesha kitanda cha springi. Ndiyo maana shokapu za gesi, ambazo Mfaransa Christian Bourcier de Carbon alizifanyia utafiti na Bilstein wa Ujerumani wakaanza kuzitengeneza miaka ya 1950, zilipokewa kwa furaha na watu wa rali. Gesi inaibana oili isitoe povu.

Na namna ya kufikiri ikabadilika. Mtu binafsi aliyeingia Safari na gari lake mwenyewe alikuwa akibadilisha kitu kikishakatika, kama tunavyofanya wengi wetu hadi leo. Kampuni kubwa zilipokuja na timu za mafundi njiani, zilianza kubadilisha kabla. Shokapu ilitolewa ingali hai, kwa sababu kilomita zake zilikwisha kuhesabiwa. Hili ndilo jibu la kwanza la swali langu: mwenye hekima habadilishi shokapu siku iliyokufa, anaibadilisha kabla haijamuua.

"Sawa," utasema, "lakini mimi sina timu ya mafundi. Nitajuaje?" Dalili zipo. Ukikanyaga breki, pua inapiga magoti na mkia unanyanyuka. Ukikata kona, gari linalala, na likishalala linachelewa kuamka. Ukivuka tuta, linapunga mara mbili tatu badala ya kutulia. Pitisha kiganja kwenye tairi: ukikuta limelika kwa mabonde mabonde, huku juu huku chini, ujue lilikuwa linadundadunda barabarani. Inama utazame mwili wa shokapu: vumbi lililoshikana na oili ni ushahidi kwamba sili imechoka. Fito ya pistoni ikiwa imepinda au ina kutu, hakuna mjadala. Halafu ipo mbinu ya mafundi wa zamani ambayo naipenda mno. Baada ya kupita njia mbovu, simama, uguse shokapu zote nne kwa tahadhari. Iliyofanya kazi itakuwa ya moto. Iliyo baridi wakati wenzake wana moto, hiyo ni maiti iliyopanda gari bure.

Wengi hutegemea kipimo kimoja tu: kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuiachia. Likipanda na kutulia, eti shokapu nzima. Kwa gari la kawaida kipimo hicho kinasaidia kiasi. Kwa gari la spoti lililozeeka kinadanganya. Springi ngumu hazikubali kukandamizwa na mtu mmoja, na bushi zilizokauka zinalizuia gari lisicheze, kama mzee mwenye baridi yabisi. Utaliona limetulia, kumbe limeganda. Hata hesabu ya kilomita inadanganya. Wapo watengenezaji wanaoshauri kubadilisha shokapu kwenye kilomita 80,000, lakini hawakuhesabu rasta. Tena gari la zamani huweza kukaa bandani miaka kumi bila kutembea, na mpira wa sili ukakauka wenyewe. Shokapu inazeeka hata ikiwa imelala.

Kwa hiyo mwenye gari la namna ile asikilize gari zima. Akiamua kubadilisha, abadilishe mbili za ekseli moja kwa pamoja. Ukiweka mpya kulia na kuacha kongwe kushoto, umelifanya gari kilema kwa hiari. Kwenye 240Z shokapu zote nne zimezama ndani ya bomba la chuma lililobeba springi, hivyo fundi lazima aibane springi kwa kifaa chake kabla ya kufungua nati ya juu. Springi iliyobanwa ikifyatuka ni risasi. Na akitumbukiza shokapu mpya ndani ya bomba lile, mafundi wazoefu hutia oili kidogo kuizunguka ili joto lipate njia ya kutoka. Bushi na mipira ya juu abadilishe siku hiyo hiyo. Wala asidhani ngumu zaidi ndiyo bora zaidi. Shokapu ngumu mno kwenye njia mbovu huhamishia kipigo kwenye bodi, na bodi ya miaka hamsini haitaki kipigo.

Magari yale hayajafa, usidhani nazungumzia makaburi. Tangu mwaka 2003 yapo mashindano ya Safari Classic, ya magari ya kale, ambayo mara kadhaa yamevuka mpaka na kuingia Tanzania. Kuna hadithi moja tamu humo. Björn Waldegård wa Sweden alikuwa wa pili mwaka 1974 kwa Porsche 911, nyuma ya Joginder Singh. Mwaka 1978 Porsche walirudi na magari mawili. Vic Preston mdogo akawa wa pili, Waldegård wa nne. Porsche 911 haikupata kushinda Safari ile ya zamani. Mwaka 2011 Waldegård, akiwa mzee wa miaka sitini na nane, akashinda Safari Classic kwa Porsche 911. Gari kuukuu, dereva mzee, lakini nadhani umekwisha kutambua ni kitu gani hakikuwa kuukuu.

Sasa turudi nyumbani. Hapa Chekereni hatuna Porsche. Tuna trekta, pikipiki, pikapu za kubebea mpunga, na magari ya abiria yanayoshuka kutoka Moshi mjini. Mashamba yetu ya mpunga yalijengewa mifereji kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, na magari mengi tunayopanda nayo yametoka Japani yakiwa yamekwisha kutumika. Lakini kanuni ya oili na kitundu haichagui tajiri wala maskini. Tofauti ni kwamba yule wa rali amejifunga mkanda na kuvaa kofia ya chuma, na mama aliyeketi kiti cha nyuma na gunia lake hana. Nimeona shokapu zikitobolewa, zikajazwa oili, zikachomelewa na kurudishwa garini. Nimeona za mitumba zikinunuliwa kwa kutazamwa rangi. Siwalaumu, mfuko ndio unaosema. Ila shokapu ya mtumba haikuambii ilikotoka wala ilichopitia, na wewe unaikabidhi roho za watu kumi na tano.

Mwisho nina lalamiko dogo kwa historia. Tazama orodha ya washindi wa Safari. Karibu kila gari lina majina mawili: dereva na msoma ramani. Fundi hayumo. Yule aliyelala kwenye tope usiku, tochi mdomoni, akafungua shokapu yenye moto kwa vidole vilivyoungua ili gari liondoke kabla saa haijapita, jina lake halikuandikwa. Wengi wao walikuwa watu wa kwetu. Baadhi yao huenda wangali hai, wazee, katika gereji za Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na labda hapa hapa Moshi. Sisi vijana tunaotaka kuandika vitabu tunatafuta visa mbali sana, na visa vimekaa chini ya miembe vinakunywa kahawa. Chukua daftari, nenda gereji, salimia kwa heshima, uliza. Wazee nao hawaelezi jambo bila kuulizwa. Tukichelewa tutakuta baridi, kama ile shokapu.