Mashimo ya Nguzo

Mtu akiniuliza aanzie wapi kuijua historia ya Lamu, namwambia aiache ngome na milango ya nakshi kwanza. Aanze na misikiti. Nyumba za mawe zimeanguka, majumba ya masultani wa Pate yameanguka, lakini ukiingia kwenye gofu la mji wowote wa zamani huku pwani, mara nyingi kilichobaki kimesimama ni msikiti, au angalau ule ukuta wake wenye kibla.

Mimi nakaa Kililana, upande wa bara, ng'ambo ya kisiwa cha Manda. Chuo niliacha mwaka wa pili na hiyo ni stori ya siku nyingine. Siku hizi naandika, na pesa ya makala ikiingia, sehemu yake inaishia kwenye boti. Boda mpaka Mokowe, boti mpaka Amu, na kutoka hapo unaomba maji yawe yamejaa.

Amu mjini kuna Msikiti wa Pwani, ambao maandishi yake yanarudi hadi mwaka 1370. Shela kuna Msikiti wa Ijumaa wa 1829, ule wenye mnara mweupe uliochongoka ambao watalii wote huupiga picha. Ni mizuri, sikatai. Lakini inayonivuta zaidi ni ile isiyo na mwadhini.

Nenda Takwa. Iko kusini mwa Manda, ndani ya mkono wa bahari uliozungukwa na mikoko, na maji yakipwa boti haifiki. Mji huu ulistawi karne ya 16 na ya 17, ukiwa na ukuta kuuzunguka, na milango ya nyumba zake imeelekea kaskazini, upande wa Makka. Msikiti wake una nguzo kubwa iliyopanda juu ya ukuta wa kibla, na maana ya nguzo ile wataalamu wanabishania mpaka leo. Nje ya ukuta wa mji kuna kaburi la mnara lenye tarehe ya 1094 Hijria, yaani 1682 au 1683. Baadaye watu wakahama. Husemwa visima viliingia chumvi, husemwa pia ugomvi na Pate uliwachosha. Wakavuka mlango wa bahari wakaenda Shela.

Lakini Takwa haikuachwa hivyo tu. Watu wa Shela bado huvuka kwenda kwenye kaburi lile kuomba dua ya mvua. Serikali iliitangaza Takwa kuwa turathi ya taifa mwaka 1982, na nashukuru kwa hilo, maana msitu ungeshaimeza. Ila ukiniuliza nani ameitunza, nitakutajia watu wa Shela kabla ya kibao cha Makumbusho. Karne tatu hivi na bado mtu anapanda mashua kwenda kusimama penye mji ambao hata babu wa babu yake hakulala ndani yake!

Sasa twende Shanga, kisiwani Pate. Hapa ndipo mambo yalinigeuka kichwani. Shanga ilihamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na kwa macho utaona kuta za matumbawe na makaburi. Miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya Msikiti wa Ijumaa. Chini ya ule wa mawe akakuta mwingine, na chini yake mwingine tena, misikiti kadhaa iliyopandana mahali pamoja. Ule wa chini kabisa, wa karne ya 8, haukuwa na jiwe hata moja. Ulikuwa wa miti na udongo. Kilichobaki ni mashimo ya nguzo, yaani rangi tofauti ya mchanga mahali mti ulipokuwa umesimikwa ukaoza. Mmoja wa misikiti ya zamani kabisa tunayoijua katika pwani yote hii ni madoa kwenye mchanga.

Nilirudi Kililana nikaanza kuziangalia nyumba zetu. Miti, udongo, makuti.

Machi 2012 marais Kibaki na Salva Kiir pamoja na waziri mkuu wa Ethiopia, Meles Zenawi, walizindua mradi wa LAPSSET. Bandari yake ikaja hapa kwetu, na gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Mahakama Kuu iliwapa wavuvi wa Lamu fidia ya shilingi bilioni 1.76 mwaka 2018, na wakulima nao walipigania fidia ya mashamba yao. Ekari zinapimika. Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo kila bandari ilipotajwa, wakubwa waliulizwa: je, mawe ya Amu yatakuwa salama? Swali zuri. Kuhusu udongo wa Kililana sikusikia swali kama hilo. Jicho la mtu anayetafuta historia limezoea matumbawe na chokaa. Kwa jicho hilo, Shanga ya karne ya 8 ingepitishwa tingatinga asubuhi moja tu, bila mtu kushtuka.

Kwa hiyo nimenunua daftari. Jioni nakaa na wazee naandika nani alilima wapi, kisima kilichimbwa na nani, muembe upi ulikuwa mpaka. Juzi mzee mmoja alinishika mkono tukaenda mpaka kwenye ua wa bandari. Akanyoosha kidole kupitia waya.

“Pale, mwanangu. Penye kontena la buluu. Palikuwa na banda la makuti, na siku za kulima tulikuwa tukiswali adhuhuri pale, watu kumi, kumi na watano.”

Nikamwuliza kibla kilikuwa upande gani. Akageuka, akasimama akielekea kaskazini, akanionyesha.