Nani alishika mkasi? Kenyatta, Tarzan na kibanda cha video cha Ruiru

Wiki hii sina habari za seva wala msimbo. Nimeweka kazi za watu kando kwa siku mbili nikitazama filamu za zamani, na nimegundua kwamba mimi na wale jamaa wa Hollywood tunafanya kazi zinazofanana kuliko nilivyodhani. Nivumilieni, leo ni historia.

Mambo yalianza na guka yangu. Yeye ni mzaliwa wa Gatundu, kule juu ambako kutoka Ruiru au Thika unapanda matatu moja tu. Tangu ujana wake alikuwa amesikia kwamba Mzee Jomo Kenyatta, mtu wa kwao, aliwahi kuigiza katika filamu ya Wazungu. Akaniuliza kama tarakilishi yangu inaweza kumwonyesha. Nikatafuta, nikaipata, tukaketi.

Filamu yenyewe ni Sanders of the River ya mwaka 1935. Haikutengenezwa Hollywood bali Uingereza, na kampuni ya Alexander Korda, lakini staringi wake mweusi alikuwa Mmarekani, Paul Robeson, na mtindo wake ni ule ule wa Hollywood wa enzi hizo. Kenyatta alikuwa London wakati ule, akitetea mambo ya ardhi ya Wakikuyu na akihitaji pesa za kuishi kama mwanafunzi yeyote wa ughaibuni. Akachukuliwa kuigiza mmoja wa machifu. Jina lake halitajwi miongoni mwa waigizaji.

Tulikuwa tumetazama kwa muda mrefu guka aliponigusa bega. "Yule pale!" Kabla sijafikia kibonyezo cha kusimamisha, sura ilikuwa imekwenda. Nikarudisha nyuma. Ikapita tena. Guka akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Mbona huyu Mzungu anatazamwa muda mrefu hivi, na Mzee anapita kama gari la barabarani?"

Hebu tulichambue swali hilo kama mafundi.

Filamu ya sauti huenda kwa picha 24 kila sekunde. Filamu ya dakika 90 basi ni picha 129,600 zilizopangwa moja baada ya nyingine. Zilizopigwa na kutupwa ni nyingi kuliko hizo. Mtu mmoja hukaa na mkasi na gundi akaamua zipi zibaki, zifuatane vipi, na kila moja ikae muda gani. Ukitaka mtazamaji amhurumie mtu, unampa picha ya karibu, uso ukijaa skrini, kisha unaonyesha kile anachokitazama, kisha unarudi usoni. Ukifanya hivyo mara tatu nne, mtazamaji tayari yuko ndani ya kichwa cha mtu huyo. Ukitaka watu wawe mandhari tu, kama miti na mito, unawapiga kwa mbali wakiwa wengi, na hurudi kwao tena. Hakuna aliyesema neno baya juu yao. Mpango wa picha umeshasema.

Sasa tazama Sanders of the River ilivyojengwa. Zoltan Korda, ndugu yake Alexander na mwongozaji wa filamu, alikuja Afrika na kamera, akarudi na picha za ngoma, za mitumbwi na za wanyama, pamoja na sauti za nyimbo. Miongoni mwa wanaotajwa kwenye filamu ni Waacholi wa kaskazini mwa Uganda, ingawa hadithi imewekwa Nigeria! Robeson na wenzake waliigiza Uingereza, katika kijiji kilichojengwa studioni. Halafu mkasi ukaunganisha: mchezaji ngoma wa Afrika anaruka, kata, Robeson anatabasamu Uingereza. Macho yako yanaapa kwamba walikuwa mahali pamoja.

Robeson alikubali kazi hii kwa moyo mweupe. Nyimbo zile zilizoletwa kutoka Afrika zilimsisimua, akaamini filamu ingeonyesha heshima ya utamaduni wa Mwafrika. Iliyotoka ilimsifu mtawala Mwingereza aitwaye Sanders, anayewatuliza "watoto wake" weusi. Inaanza na maandishi ya kuwasifu Waingereza wachache wanaotawala mamilioni, na Robeson mwenyewe anaimba sifa za bwana huyo. Baadaye Robeson alieleza kwamba mwelekeo huo wa kuupamba ukoloni uliingizwa wakati wa kukata filamu, baada ya yeye kumaliza kuigiza, na kwamba hakujua ingegeuka hivyo. Alijuta kwa miaka mingi.

Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili. Data ni ile ile, programu inayoisoma ndiyo inayotoa jibu. Robeson na Kenyatta walitoa data. Programu iliandikwa na mtu mwingine, mlango ukiwa umefungwa.

Na kuna jambo la pili tunalolijua, yaani maktaba za msimbo. Ukishaandika kipande kizuri unakihifadhi, kesho unakiita katika kazi nyingine. Hollywood walifanya hivyo na Afrika Mashariki. Mwaka 1929 kampuni ya MGM ilimtuma mwongozaji W. S. Van Dyke huku kupiga Trader Horn, iliyotoka 1931. Mwafrika aliyeigiza sehemu kubwa, Mutia Omoolu, alipelekwa hadi Marekani kumalizia picha. Filamu ilipoisha, picha za wanyama na za mandhari zilibaki nyingi. Basi mwaka 1932 Van Dyke yule yule akatengeneza Tarzan the Ape Man. Johnny Weissmuller aliruka kwenye miti ya California, na kila walipohitaji "Afrika" walibandika mabaki ya Trader Horn. Baada ya King Solomon's Mines ya 1950, iliyopigwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Kongo, mabaki yake nayo yaliingia katika Watusi ya mwaka 1959. Mtu aliyepita mbele ya kamera mara moja aliendelea kupita katika hadithi asizozijua.

Mpaka hapa nimesema picha. Sauti je?

Mkasi wa sauti ni mkali zaidi kwa sababu hauonekani. Chukua picha ya mtu anatembea msituni. Weka fidla za polepole, ni mpenzi anamtafuta mwenzake. Weka ngoma nzito, ni adui anakuja. Kwa miaka mingi Hollywood iliweka ngoma chini ya sura zetu, na ngoma maana yake ilikuwa hatari. Kwetu ngoma ni harusi, ni tohara, ni mavuno. Kwao ilikuwa king'ora.

Kuna mfano mmoja ambao mtu anaweza kudhani ulitutendea haki. Mogambo ya mwaka 1953 iliongozwa na John Ford, nao Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly wakaigiza. (Jina hilo msiniulize. Zunguka Thika yote, hakuna atakayekuambia maana yake kwa Kiswahili.) Ford hakutumia okestra kama ilivyokuwa desturi. Muziki unaosikika ni nyimbo za Kiafrika na piano moja ya kujipiga. King Solomon's Mines nayo ilikuwa imefanya karibu hivyo. Matokeo ni kwamba filamu inaonekana kweli tupu. Hakuna fidla ya kukuambia ulie, unasikia nchi yenyewe. Ndiyo sababu inashawishi sana!

Lakini tazama tarehe. Hali ya hatari ilitangazwa Kenya Oktoba 20, 1952, na usiku huo Kenyatta akakamatwa nyumbani kwake Gatundu. Kamera za Mogambo zilikuwa kazini Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka huo huo na mapema 1953. Aprili 8, 1953 Kenyatta alihukumiwa kifungo cha miaka saba kule Kapenguria. Filamu ikatoka baadaye mwaka huo, na ndani yake mambo hayo hayatajwi kwa jina. Kuna maporomoko ya maji, simba, masokwe, na Wazungu watatu wasiojua nani anampenda nani.

Guka alikuwa mtoto. Nilipomwonyesha Mogambo, akaniambia sauti ya miaka ile anayoikumbuka yeye ni filimbi ya kafyu, na baadaye nyundo zikipigilia nyua za vijiji walivyohamishiwa kwa nguvu mwaka 1954. "Hizi nyimbo ni nzuri," akasema, "lakini hazikuwa peke yake." Sidhani mhakiki wa filamu angeweza kusema vizuri zaidi. Ford hakuongeza uongo kwenye sauti. Alichagua ni ukweli upi usikike.

Sasa turudi nyumbani. Nilipokuwa kijana hapa Ruiru, sinema yetu ilikuwa kibanda cha mabati, televisheni moja, mabenchi, shilingi 10 mlangoni. Filamu zilikuja zikiwa na sauti ya DJ juu yake, na mfalme wao alikuwa DJ Afro. Mzungu anafungua mdomo, DJ anampa Kiswahili na Sheng. Adui anapewa jina la kuchekesha. Staringi anapoingia mtego DJ anatuonya sisi, sio yeye. Ukitoka Thika hadi Nairobi na matatu yenye skrini, huenda ukamsikia njia nzima. Waganda nao wana maveejei wao, na Watanzania walikuwa na Lufufu.

Wazee wa historia watakumbuka kwamba jambo hili lina babu yake. Kitengo cha Filamu cha Kikoloni, kilichoanzishwa na Waingereza mwaka 1939, kilizungusha magari ya sinema vijijini na filamu zisizo na sauti, na mtu akisimama na kipaza sauti kueleza kwa lugha ya wenyeji. Wakubwa wa kitengo hicho waliamini kwamba Mwafrika hawezi kufuata filamu yenye mikato mingi, hivyo waliagiza picha ndefu, za polepole, zisizo na ufundi. Waliogopa kwamba hatutaelewa mkasi. Miaka 60 baadaye kijana wa huku kwetu alikuwa akipinda filamu nzima ya Hollywood kwa mdomo wake.

DJ Afro hakugusa picha hata moja. Mikato ni ile ile, nyuso zilizopewa muda ni zile zile. Alichukua sauti peke yake. Ukumbi ule wa mabati ulipocheka mahali ambapo mtengenezaji alitaka tulie, filamu ilikuwa imebadilisha mwenyewe. Walichukua picha zetu wakaweka sauti yao, nasi tukachukua picha zao tukaweka yetu. Haijalipa deni lote, najua. Vichekesho havimrudishii Robeson heshima yake wala havimwongezei Kenyatta sekunde moja. Lakini vilitufundisha kwamba filamu hufunguka ukiwa na ufunguo.

Jaribuni nyumbani. Fungua filamu yoyote ya zamani iliyopigwa huku kwetu kwa programu ya VLC. Bonyeza M kuzima sauti, tazama dakika tano. Kisha bonyeza E, uende picha moja moja, uhesabu ni nani anapewa uso wa karibu na kwa picha ngapi. Kisha rudisha sauti usikilize nini kimewekwa chini ya kila uso. Mtashangaa.

Mimi nilifanya hivyo na Sanders of the River. Nilisimamisha pale guka aliponyoosha kidole, nikaikuza picha, nikaichapisha kwenye karatasi. Iko ukutani kwake Gatundu sasa. Imekwaruzika na haionekani vizuri, lakini haipiti tena.