Sukari Kilo Moja kwa Lita Mia

Nilikulia Dodoma, kwenye zabibu, na dawa niliyoizoea ilichoma pua kabla hujafungua kifuniko. Kwa hiyo siku ya kwanza kubeba bomba mgongoni kwenye miteremko ya mto Mosel, Ujerumani, nilijifunga barakoa na glavu kama daktari wa upasuaji. Dawa yenyewe ilinuka chachu tu. Mzee mwenye shamba alicheka, kisha akanyamaza.

"Vaa hivyohivyo," akasema. "Babu yangu hakuvaa."

Babu yake alipiga arseniki. Adui alikuwa viwavi wa nondo: kizazi cha kwanza hula maua, cha pili hutoboa tunda lenyewe, ukungu ukaingia na kichala kikaoza. Divai nzuri iliuzwa. Makapi yakatiwa maji na sukari, yakakamuliwa tena, yakawa kinywaji cha nyumbani ambacho vibarua walikinywa kutwa, na arseniki yake humo humo. Viganja vikaota sugu ambazo hazikuwa za jembe. Maini yakaharibika, saratani zikafuata. Ujerumani ikaipiga marufuku kwenye mizabibu mwaka 1942.

Kinachoniudhi ni kwamba dawa niliyoibeba mimi, ambayo ni bakteria, ilikwisha kuonekana zamani. Mwaka 1901, Ishiwata Shigetane wa Japani aliikuta bakteria hiyo ikiwaua viwavi wa hariri. Kwa wafugaji ule ulikuwa msiba, nani angeiita dawa? Mwaka 1911 Ernst Berliner akaikuta kwa viwavi wa nondo wa unga, kutoka kinu kimoja cha Thuringia, Ujerumani hiyohiyo, na mwaka 1915 akaipa jina la jimbo hilo: Bacillus thuringiensis. Wafaransa ndio waliotangulia kuitia sokoni, mwaka 1938, kwa jina Sporéine. Mizabibu ikaendelea kungoja, maana baada ya vita zilikuja kemikali za viwandani zilizoangusha mdudu papo hapo, na mkulima hupenda kuona maiti.

Hii haiangushi papo hapo. Ina fuwele ya protini ambayo lazima kiwavi aile. Utumbo wake si wa asidi kama tumbo letu, basi fuwele inayeyuka na kuutoboa. Jua huiua, mvua huiosha, na kiwavi akishaingia ndani ya tunda umechelewa. Mzee alikuwa akikagua mayai kila asubuhi kwa kioo cha kukuzia, tukapiga jioni. Kwenye tangi alimimina sukari, kilo moja kwa kila lita 100 za maji, ili viwavi wavutiwe kula. Nilimuuliza kama nao tuwachemshie chai.

Ukiijaribu, kesho yake utawakuta viwavi wangali hai. Usikimbilie kupiga tena. Angalia kama bado wanakula.