Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui: Kadhi na Kalamu Yake

Wakati wa ukoloni sheria nchini Kenya haikuwa moja. Mkulima wa Malinya, Kakamega, alipogombea shamba la urithi na nduguye, shauri lilisikizwa katika baraza la wenyeji na kuamuliwa kwa mila za kwao. Mwislamu wa Mombasa aliyekuwa na shauri la urithi alikwenda mbele ya kadhi. Juu ya wote wawili walikaa wakubwa wa Kizungu. Katika ngazi hiyo ya chini, yenye heshima kubwa machoni pa watu na mamlaka haba machoni pa serikali, ndipo alipofanya kazi Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui.

Alizaliwa Mombasa mwaka 1891, katika ukoo uliotawala mji huo hadi ulipoangushwa na Sayyid Said mwaka 1837. Babake, aliyekuwa mwanachuoni na kadhi, alifariki mwanawe angali mdogo. Malezi yake yakawa mikononi mwa jamaa yake, Sheikh Suleiman bin Ali Mazrui. Baadaye akasoma Unguja kwa Sayyid Ahmad bin Sumait, naye kadhi mashuhuri. Ukadhi, basi, aliukuta nyumbani na chuoni pia.

Lakini kabla ya kuhukumu alihariri. Mwaka 1930 alianzisha al-Sahifa, karatasi ya Kiswahili kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1932 al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu. Alikuwa msomaji wa al-Manar, jarida la Rashid Rida lililotoka Cairo, na mafunzo ya Muhammad Abduh yalikuwa yamemwingia. Aliwakemea Waislamu wa pwani kwa kupuuza elimu, kwa israfu katika sherehe, na kwa kuwaiga Wazungu katika mambo yasiyo na faida huku wakiyaacha yenye faida. Kiswahili chake ni chepesi na kikali. Aghalabu humsemesha msomaji kama mtu aliyeketi naye barazani.

Mwaka huohuo wa 1932 alikubali kuwa Kadhi wa Mombasa, na al-Islah halikudumu. Hapa ndipo penye utata. Mtu aliyewaonya watu wasimezwe na utawala wa kigeni sasa alikula mshahara wake. Hata hivyo, si haki kuliita jambo hilo kusalimu amri. Ndoa, talaka na mirathi zilikuwa takriban sehemu ya mwisho ya sheria ambamo Mwislamu wa pwani alihukumiwa na mwenziwe kwa lugha yake, na mjane anayedai fungu lake hawezi kungojea gazeti. Hasara nayo ilikuwapo: hukumu huwafunga wenye shauri tu, ilhali makala yalisomwa na baraza zima.

Aliteuliwa Kadhi Mkuu mwaka 1937, akashika cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1947. Kalamu haikukauka kabisa. Makala yake yalikusanywa katika kitabu Uwongozi mwaka 1944, na historia aliyoiandika kwa Kiarabu juu ya utawala wa Mazrui ilichapishwa mwaka 1995. Mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kassim Mazrui, alikuja kuwa Kadhi Mkuu pia.

Mahakama zilizorithi mabaraza ya wenyeji, kama lile la watu wa Malinya, zilifutwa mwaka 1967. Za kadhi zilibaki, na Katiba ya mwaka 2010 imeziachia mambo yaleyale: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa humo.